Mgeni Aliyesakinishwa: Uhakiki wa Programu za Wavuti Zilizopewa Dirisha Lake

Katika darasa la fasihi tunafundishwa kuitazama kazi kwa fani na kwa maudhui, kisha kuuliza kama fani hiyo inasema kweli kuhusu maudhui yake. Katika insha hii naomba ruhusa ya kuutumia upimaji huo kwa kitu ambacho si riwaya wala tamthilia, nacho ni dirisha la kompyuta. Nazungumzia programu za wavuti, yaani zile kurasa za intaneti zinazotufanyia kazi kama vile barua pepe, kalenda, daftari au mazungumzo, ambazo siku hizi hutolewa ndani ya kivinjari zikapewa dirisha lake, aikoni yake na nafasi yake kwenye upau wa chini wa skrini. Ukiifungua huoni upau wa anwani wala vichupo. Kwa fani ni programu ya kompyuta kama nyingine yoyote. Kwa maudhui ingali ukurasa wa wavuti.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya neno moja, na kwa sababu ya hasara niliyoipata kwa kuliamini neno hilo.

Neno lenyewe ni sakinisha. Kivinjari changu nimekiweka kwa Kiswahili (mwanafunzi wa Kiswahili asipofanya hivyo atafanya nani?), na nilipofika kwenye tovuti ya daftari nililolihitaji kiliniuliza kama nataka kuisakinisha. Sote tunajua mzizi wa neno hili. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya makao. Humo pia ndimo lilimotoka neno maskani. Kwa hiyo kumsakinisha mtu ni kumpa makao. Waliolichagua neno hili kwa ajili ya programu za kompyuta walichagua vizuri sana, kwa sababu programu za wakati ule zilikuja kwenye diski, zikanakiliwa ndani ya mashine, zikakaa humo hata kama mashine haikuuona mtandao mwaka mzima. Nilibonyeza. Dirisha jipya likafunguka, aikoni ikajipanga chini pamoja na zingine, nami nikaona nimepata mkazi.

Wakati huo nilikuwa naandaa utafiti mdogo wa mwaka wa tatu kuhusu Kiswahili cha madereva wa malori pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Nilikaa huko siku nne kwa shangazi yangu, mchana nikizungumza na madereva waliokuwa wakisubiri foleni, usiku nikiandika. Bando liliisha siku ya pili. Daftari langu halikulalamika. Liliendelea kupokea maandishi kama kawaida, na mimi nikalisifu moyoni. Niliporudi Kampala nilikuwa na maingizo 63. Mengine yalikuwa ya kawaida, kwa mfano yule msaidizi wa dereva ambaye Mtanzania humwita utingo na dereva wa Kenya humwita taniboi. Mengine sikuwahi kuyaona katika kamusi yoyote, na mengi ya hayo yalitoka kwa mzee mmoja aliyeniambia ameendesha barabara ile tangu kabla sijazaliwa.

Kompyuta yangu ni ya kurithi kutoka kwa kaka yangu. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ambayo hujaa upesi. Juma lile ilikuwa nzito mno, hata mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja akanishauri nifute data za kivinjari. Niliweka alama kwenye visanduku vyote, nikachagua wakati wote, nikafuta. Sikuwa na wasiwasi wowote. Daftari halikuwa mali ya kivinjari. Lilikuwa na aikoni yake, lilikuwa na dirisha lake, lilikuwa limesakinishwa. Nilipolifungua jioni lilinikaribisha kwa maneno ya kumkaribisha mtu mpya, likaniuliza kama ningependa kuandika ukurasa wangu wa kwanza.

Sitaitaja programu hiyo wala kivinjari hicho, kwa sababu kosa lilikuwa la mkono wangu na onyo lilikuwepo kwa herufi ndogo. Kinachostahili kuhakikiwa ni fani iliyonifanya nisilione onyo hilo kuwa linanihusu.

Tuangalie kilichotokea nilipobonyeza lile neno. Mtindo huu una jina tangu mwaka 2015, pale mhandisi Alex Russell na mbunifu Frances Berriman walipouita kwa jina linalofupishwa PWA, ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema ni programu za wavuti zinazokua hatua kwa hatua. Nyuma ya jina hilo kuna vitu viwili. Kimoja ni faili dogo linalokieleza kivinjari jina la programu, picha ya aikoni, ukurasa wa kuanzia, na agizo kwamba ifunguliwe peke yake bila upau wa anwani. Kingine ni skripti inayokaa kati ya ukurasa na mtandao kama bawabu. Ukurasa ukiomba kitu, bawabu huamua kama akitoe kwenye akiba iliyowekwa ndani ya mashine au aende kukitafuta nje. Bawabu akiandikwa vizuri, programu hufunguka hata palipo giza la mtandao, na ndiyo sababu daftari langu lilikuwa hodari kule Malaba.

Ila akiba ya bawabu huyo, pamoja na kila nilichoandika, huhifadhiwa katika ghala la kivinjari chini ya jina la tovuti ile. Kusakinisha hakuhamishi kitu. Ni kama chumba kilichokuwa na mlango mmoja kikatobolewa mlango wa pili unaotokea barabarani, mlango huo ukapakwa rangi na kuandikwa jina. Anayeingia kwa mlango wa pili hudhani amepata nyumba nyingine. Anayefagia kwa mlango wa kwanza anafagia chumba kilekile.

Sisemi haya ili kuulaani mtindo wenyewe. Kwa kweli katika mitindo yote ya kuipa wavuti dirisha, huu ndio ninaouona bora, na sababu yake ni ileile inayonifanya niulaumu, yaani hauna nyumba yake. Kwa kuwa hukaa ndani ya kivinjari ambacho tayari kipo na tayari kimefunguliwa, huongeza mzigo mdogo tu. Upakuaji wake ni wa ukurasa, na mwanafunzi anayenunua bando la siku anajua maana ya tofauti hiyo. Na dirisha lisilo na vichupo lina faida ambayo wahandisi hawaisemi sana: huwezi kuteleza. Ukiandika ndani ya kivinjari, habari za mpira ziko umbali wa kidole kimoja. Ndani ya dirisha pweke umebaki wewe na sentensi yako.

Bawabu naye ana thamani ambayo sisi wa Uganda hatuhitaji kuelezwa kwa mifano ya mbali. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Nilikuwa bado shule ya sekondari. Katika siku kama zile ndipo mtu hujua kipi kati ya vitu alivyovipanga kwenye skrini ni chake na kipi alikuwa akiazimwa kila asubuhi. Programu ya wavuti yenye bawabu mwema hufunguka. Isiyo na bawabu hufungua dirisha jeupe, tena dirisha jeupe lenye aikoni nzuri, na hilo kwangu ni baya kuliko kivinjari kinachokiri waziwazi kuwa hakuna mtandao. Cha kukasirisha ni kwamba kwa nje zote mbili zinafanana. Katika vivinjari vingi vya leo mtumiaji anaweza kuipa dirisha lake karibu tovuti yoyote, iwe ilitayarishwa kwa hilo au la, na hakuna alama kwenye mlango ya kumwambia nyuma yake kuna nini.

Kuna aina ya pili, na hii haiazimi chumba. Inakuja na nyumba nzima mgongoni.

Electron ilianza mwaka 2013 ndani ya GitHub, kama zana ya kuundia kihariri cha msimbo kilichoitwa Atom, na mwaka 2015 ikapata jina ililo nalo sasa. Atom ilifungwa Desemba 2022. Zana ikabaki na kuenea kuliko mzazi wake. Slack, Discord na VS Code zimejengwa juu yake. Namna yake ni rahisi kueleza: mwandishi huandika ukurasa wa wavuti, kisha huufunga pamoja na nakala kamili ya Chromium, ambao ndio msingi wa kivinjari cha Chrome, na kumkabidhi mtumiaji furushi zima. Programu isiyofanya chochote isipokuwa kuonyesha salamu kwenye skrini huzidi megabaiti 100 ikishawekwa kwenye diski. Ukiwa na programu nne za namna hii una Chromium nne, na kila moja inaendesha michakato yake bila kujua kama jirani anafanya kazi hiyohiyo. Tuliokaa bweni tunaijua picha hii. Wageni wanne wamekuja kulala kwenye chumba kimoja, na kila mmoja ameleta jiko lake, kitanda chake na ndoo yake ya maji.

Kwa upande wa ukweli, hata hivyo, Electron ina sifa. Yenyewe imesakini kweli. VS Code ni mfano mzuri: ukishaiweka, unaweza kuzima mtandao mwezi mzima na ikaendelea kukuhudumia, na ukifuta data za kivinjari haikuhusu kabisa. Hapo fani na maudhui vimepatana. Ubaya wake ni kodi, na kodi hiyo hailipwi na aliyeamua. Katika chumba cha kompyuta tunachotumia, mashine nyingi zina gigabaiti 4 kama yangu. Ukifungua mazungumzo ya kikundi, ukafungua kihariri, kisha ukataka kivinjari cha kusomea makala, mashine huanza kuhamisha kumbukumbu kwenda kwenye diski, na hapo ndipo unaposikia watu wakipiga kibodi kwa hasira. Aliyeiandika programu ile ana mashine yenye kumbukumbu mara nane ya hiyo. Hajawahi kusikia sauti hiyo.

Rafiki yangu anayesoma sayansi ya kompyuta aliisoma rasimu ya insha hii na hakukubali. "Dada, sasa unataka nani aandike programu mara tatu?" akaniuliza. "Mara moja kwa Windows, mara moja kwa Mac, mara moja kwa Linux? Kampuni ingeandika ya Windows ikaishia hapo. Wewe mwenyewe unatumia Linux kwa sababu mashine yako haibebi Windows mpya. Nusu ya programu unazolalamikia usingekuwa nazo kabisa." Nakiri hoja hii ina uzito, na nimeifikiria kwa siku kadhaa. Ni kweli kwamba wavuti ndiyo iliyowaletea watumiaji wa Linux programu ambazo hakuna ambaye angewaandikia. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba nyumba ya pamoja inahitajika. Haithibitishi kwamba kila mgeni aje na yake. Zana kama Tauri, iliyotoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2022, hutumia injini ya wavuti ambayo tayari ipo ndani ya mfumo wa kompyuta. Microsoft yenyewe, ilipoitoa Teams mpya mwaka 2023, iliachana na Electron ikahamia kwenye injini ya wavuti inayoshirikiwa ndani ya Windows, ikajisifu kwamba toleo jipya linatumia hadi nusu ya kumbukumbu ya lile la zamani. Kampuni ikijisifu kwa kutua mzigo, imekiri kwamba mzigo ulikuwepo.

WhatsApp ndiyo inayonichanganya zaidi, na naitaja kwa kuwa hakuna msomaji wa mkusanyo huu asiyeitumia. Programu yake ya kompyuta ilianza kama wavuti iliyofungwa ndani ya Electron. Mwaka 2022 watumiaji wa Windows wakapewa nyingine iliyoandikwa kwa ajili ya Windows yenyewe, nyepesi na ya haraka zaidi. Mwishoni mwa 2025 mambo yakarudi nyuma: toleo hilo likabadilishwa na lile la wavuti ndani ya dirisha. Kwa mwenye kampuni jambo hili lina mantiki, maana msimbo mmoja ni rahisi kuutunza kuliko miwili. Kwa mwenye mashine, aikoni ni ileile, jina ni lilelile, na siku moja anashangaa kwa nini kompyuta yake imezeeka usiku mmoja. Hakuulizwa, na kwa fani hakuna alichoweza kukiona.

Hili linanirudisha kwenye makao, na kwenye swali la nani mwenye nyumba. Historia ya mtindo huu ni historia ya wageni kuhamishwa. Mwaka 2007 Mozilla walikuwa na jaribio lililoitwa WebRunner, kisha Prism, la kuipa tovuti dirisha lake. Mwaka 2011 likaachwa. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na uwezo wa kutengeneza njia ya mkato ya kufungua tovuti peke yake. Baadaye Google wakaunda aina yao ya programu za Chrome, na mwaka 2016 wakatangaza kuziondoa kwenye Windows, Mac na Linux. Firefox ilijaribu tena kimyakimya, ikafuta jaribio hilo mapema 2021, kisha Septemba 2025 ikalirejesha kwa watumiaji wa Windows katika toleo la 143. Simwoni mtu mbaya katika habari hii. Naona tu kwamba kila mara uamuzi wa kama mkazi ataendelea kukaa ulikuwa mikononi mwa mwenye kivinjari, wakati aliyeambiwa "sakinisha" alidhani anamkaribisha mgeni kwake.

Waandishi wa lugha wangeweza kusaidia hapa, na ndiyo sehemu ya lawama ambayo sisi wenyewe tunaistahili. Tafsiri ya Kiswahili imelibeba neno moja ikalitumia kwa mambo matatu tofauti: kunakili programu ndani ya mashine, kuleta kivinjari kizima ndani ya furushi, na kutoboa mlango wa pili kwenye chumba cha zamani. Ni kweli kwamba Kiingereza chenyewe kimefanya ulegevu huohuo. Lakini si kila mahali. Apple, walipoingiza jambo hili kwenye Safari mwaka 2023, hawakutumia neno la kusakinisha. Walisema ongeza kwenye ule upau wa aikoni wa chini. Hilo ni neno la kiasi. Kiswahili kina nafasi ya kutosha ya kusema hivyo. "Fungua katika dirisha lake" ni maneno manne na hayamdanganyi mtu. "Weka mlango" ni mawili. Nimewahi kuyapendekeza haya kwa mwalimu wetu wa tafsiri, akasema istilahi ikishazoeleka haiondoki kirahisi. Huenda ni kweli. Lakini kama neno limezoeleka kwa maana ya makao, basi tulihifadhi kwa ajili ya vitu vyenye makao, nasi tukitafsiri menyu ya kivinjari tuulize kwanza kitu hiki kitalala wapi.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba nimelifanya neno libebe kosa la mtu aliyefuta kazi yake mwenyewe. Labda. Ila nimewauliza wenzangu kumi na mmoja wa darasa letu swali moja: ukifuta data zote za kivinjari, je, programu uliyoisakinisha kutoka kwenye tovuti itapoteza ulichoandika ndani yake? Tisa walisema haiwezekani. Idadi hiyo ni ndogo na sidai kuwa ni utafiti, lakini hao tisa ni watu wanaoishi kwa maneno, na neno ndilo waliloliangalia.

Dirisha la barua pepe bado ninalo, na la kalenda pia. Hayo sijali yakifagiwa. Vitu vyake viko kwenye seva na vitarudi pamoja na mtandao. Maandishi yangu sasa yako kwenye faili la kawaida, ndani ya folda ninayoijua, na nakala yake iko kwenye flashi. Nilirudi Malaba mwezi uliofuata. Mzee yule hakuwepo; aliyekuwa utingo wake aliniambia amepata safari ya Juba, na baada ya hapo hajui. Nilikaa na utingo huyo kando ya lori tukijaribu kuyakumbuka maneno moja baada ya jingine. Kati ya 63, tumepata 41.